Kopepodi wangu wanakufa kila wiki ya tatu na samaki anazidi kukonda, naomba msaada

Mwana_Msasani (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za wakati huu. Nina tangi la maji chumvi la lita 180 sebuleni, mwaka na nusu sasa. Miezi miwili nyuma nilinunua kwa mzamiaji mmoja samaki mdogo wa chini, mwenye mabaka mekundu na meupe, urefu kama kidole cha shahada. Kitaalamu ni Synchiropus stellatus. Haogelei kama wenzake. Anatembea juu ya mchanga kwa mapezi ya tumboni, anasimama, anazungusha macho, anadonoa, anaendelea. Nikirudi kazini namtafuta yeye kabla sijavua viatu.

Shida ni kwamba hali kitu kilichokufa. Punje hataki, kamba wa barafu waliosagwa hataki, vinapita mbele ya macho yake wala hashughuliki. Anadonoa mawe tangu taa inawaka hadi inazimwa, ila nadhani vidudu vya kwenye mawe yangu ameshavimaliza. Tumbo limeingia ndani, na nikimtazama kutoka juu, nyuma ya kichwa pamebonyea pande zote mbili.

Nikaelekezwa nifuge kopepodi, vile vidudu vya majini vya jamii ya kamba, vidogo kama chembe. Rafiki akanipa mbegu kwenye chupa ya nusu lita. Nikachukua ndoo ya lita 20, nikajaza maji ya bahari niliyochota Kunduchi, nikaweka jiwe la hewa, nikafunika. Chakula chao kijiko kimoja cha chai cha unga wa spirulina kila asubuhi, na hamira kidogo. Wiki ya kwanza naona vidoa vyeupe vinaruka ukutani mwa ndoo. Wiki ya pili nikimulika tochi wanakuja kwenye mwanga kama vumbi la unga, furaha tupu. Wiki ya tatu naamka maji meupe kama ya kuoshea mchele, yananuka mayai viza, na hakuna hata mmoja anayetikisika. Imetokea mara tatu. Nimebadilisha ndoo, nimebadilisha mahali pa kuchota maji, matokeo ni yale yale.

Nakosea wapi? Na huyu samaki bado anaokoleka?

Fundi_Pampu (Tanga)

Mkuu hapo ni hewa tu. Weka pampu kubwa, maji yatokote. Hamira naitumia mwaka wa tatu kulishia rotifa, vidudu vingine vidogo vya majini, na haijawahi kuniangusha. Hicho kijiko chako naona hata ni kidogo.

Bi_Mtwapa (Mtwapa)

Kaka wa Msasani, pole sana. Nakuomba usiongeze hewa wala hamira. Na ndugu yangu Fundi asinielewe vibaya, nitarudi kwake.

Nilifanya kazi miaka tisa kwenye ghala la samaki wa mapambo wanaosafirishwa nje, huku pwani ya Kenya. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea kutoka kwa wazamiaji na kuwatunza hadi siku ya kutiwa mifukoni. Samaki wa aina yako walikuwa wakija, na wengi walitoka wamekonda kuliko walivyoingia, maana hatukuwa na chakula hai cha kuwapa. Kile kibonyeo cha nyuma ya kichwa nakijua, nimekitazama sana na iliniuma kila mara. Nilipoacha kazi mwaka 2016, kitu cha kwanza kuanzisha nyuma ya nyumba ni ndoo za kopepodi.

Ndoo yako haikufa kwa njaa, imekufa kwa shibe. Kijiko cha chai cha unga mkavu ni gramu mbili au tatu. Ukiwachuja kopepodi wote wa ndoo ile, ukawaanika wakauke na kuwapandisha kwenye mizani, sidhani wangefika gramu moja. Wewe kila asubuhi unawaandalia chakula kinachowazidi wao wenyewe uzito. Wanakula wanachoweza, kinachobaki kinatua chini. Bakteria wanakivamia, oksijeni ya pale chini inakwisha, tope linakuwa jeusi, na harufu ya mayai viza ndiyo gesi inayotoka kwenye tope lisilo na hewa. Ifikapo wiki ya tatu, wadudu wamekuwa wengi kabisa na tope nalo limekuwa jingi kabisa, basi usiku mmoja unatosha kuwamaliza. Ule weupe ni bakteria wenyewe, pamoja na siliati, vijidudu vya seli moja, waliokuja kuwala.

Sasa Fundi. Rotifa wanaongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na wewe bila shaka unavuna kila siku na kubadilisha maji, kwa hiyo hamira yako haipati nafasi ya kuoza. Kopepodi wa ndoo hii, kwa joto letu, wanahitaji kama wiki moja hadi siku kumi kutoka yai hadi kubeba mayai. Hawawezi kulifukuza tope. Halafu hamira haina yale mafuta ya DHA ambayo samaki wa bahari lazima ayapate kwenye chakula.

Walishe maji ya kijani yaliyo hai. Kwa joto la Dar au Mtwapa nauamini mwani uitwao Tetraselmis. Ni imara, na seli zake ni kubwa kiasi kwamba kopepodi wanaotambaa wanazishika vizuri. Isochrysis ina DHA nyingi, na ile aina iliyotolewa Tahiti huvumilia joto, lakini ukizembea siku mbili inakufa yote. Nannochloropsis haifi ovyo, ila DHA yake ni kama hakuna, mimi naichanganya tu. Ukilazimika kutumia unga wa spirulina, koroga kwenye kikombe cha maji, acha utulie dakika tano, mimina yale maji ya juu tu, na hata hayo yawe ya kijiko kimoja kikubwa kwa ndoo nzima. Mashapo ya kikombe mwaga.

Kipimo changu ni hiki. Chini ya kila ndoo nimechora alama ya X kwa kalamu ya wino usiofutika. Maji natia kimo cha shibiri moja, basi, sijazi ndoo. Namimina Tetraselmis hadi maji yawe na rangi ya yale ya mchicha uliochemshwa kidogo, na X inapotea. Kisha sigusi. Kesho naangalia, kesho kutwa naangalia. X ikirudi kuonekana vizuri ndipo nalisha tena. Ikikaa siku nne haijarudi, nimewazidishia au wadudu wamepungua, na hapo navuta maji ya chini kwa mpira hadi kwenye kikombe cheupe ninuse. Uchafu wa kahawia usio na harufu ni kinyesi na magamba yao, hauna neno. Ukiwa mweusi na unanuka, siku hiyo hiyo nawachuja wote na kuwahamishia ndoo safi.

Hewa: toa jiwe. Vile viputo vidogo vya jiwe vinawaganda mwilini na kuwapandisha juu, wanabandikwa kwenye povu ukingoni. Acha mpira mtupu, kiputo kikubwa kimoja au viwili kwa sekunde. Na usifunike kwa mfuniko unaobana. Tandaza kipande cha neti ya mbu.

Anzisha ndoo mbili, ya pili siku kumi baada ya ya kwanza, na kila moja iwe na kikombe chake na mpira wake. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2019 nilikuwa na ndoo nne za kopepodi na moja ya rotifa, zote kwenye ubaraza mmoja. Nilitumia kata moja kuchotea zote. Rotifa mmoja tu akiingia inatosha, anazaa bila dume, na chakula cha mwani anakimaliza kabla kopepodi hawajapata. Baada ya wiki mbili ndoo zote nne zilikuwa rotifa watupu. Nilikuwa na vichanga vya samaki wa anemoni (Amphiprion akallopisos) vya siku tatu siku ile, niliviangua mwenyewe, na karibu vyote vilikufa. Tangu hapo ndoo ya rotifa inakaa upande wa pili wa nyumba na mimi nanawa mikono nikitoka kule.

Kuhusu samaki wako: bado yupo kwa sababu bado anadonoa. Akiacha kudonoa ndipo uogope. Leo hii tafuta mayai ya Artemia, vikamba vidogo vya maji chumvi, uyaangue kwenye chupa ya maji chumvi yenye hewa kali, kwa joto letu saa 24 zinatosha. Mpe zile zilizototolewa muda huo huo, asubuhi na alasiri, pampu za tangi ukizizima dakika 20. Kitone cha njano mwilini mwao ndiyo lishe. Zikikaa hadi kesho yake zimekikula chote na samaki anapata maganda. Artemia haimtoshi kwa muda mrefu, lakini mruko wake unamvutia kama wa kopepodi, na itamshikilia hadi ndoo zako zisimame.

Mbegu nyingine usinunue kwanza. Chukua dodoki la nailoni jipya, lisilo na sabuni, lilaze nyuma ya chujio la tangi lako mahali samaki hafiki, siku kumi. Kisha litikise kwenye bakuli jeusi. Utashangaa waliomo.

Mwana_Msasani

Bi Mtwapa, shikamoo na ahsante. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeinama juu ya ndoo. Chini mna tope jeusi unene wa sarafu. Sikuwahi kuangalia chini, nilikuwa naangalia ukutani tu.

Maswali mawili. Ukisema "nawachuja", chujio lenyewe linapatikana wapi? Za maabara nimeulizia bei, siziwezi. Na nitajuaje walio kwenye dodoki ni kopepodi na si wadudu wengine?

Bi_Mtwapa

Marahaba. Nenda kwa wachapishaji wa fulana. Kile kitambaa wanachotandaza kwenye fremu za mbao ndicho hicho hicho, na kinauzwa kwa mita. Waulize namba. Cha 43T matundu yake ni kama mikroni 150, cha 77T kama 75, cha 120T kama 50. Nunua robo mita ya 43T na ya 120T. Kata bomba la plastiki la inchi nne vipande vya urefu wa kiganja, kitandaze kitambaa kikaze kama ngoma, ukigandishe kwa gundi ya silikoni ya akwaria, usiku mmoja kikauke. Mimi nimetengeneza vyangu mwaka 2017 na hadi leo vinafanya kazi.

Cha 43T kinashika wakubwa na majike yenye mayai. Vichanga vinapita na kushikwa na cha 120T. Kwa mimi ninayelea vichanga vya samaki wa anemoni, wale wadogo ndio chakula, wakubwa wanarudi kwenye ndoo kuzaa. Wewe ni kinyume chake. Samaki wako anataka wale wakubwa anaowaona kwenye mawe, basi wa 43T wapeleke tangini na wa 120T uwarudishe nyumbani. Ila acha robo ya wakubwa kila mara. Na uvune kweli, usione huruma. Ndoo isiyovunwa inajaa, inachafuka, wadudu wanakufa wote. Mimi kila siku ya nne nachuja robo ya maji na kurudisha maji mapya.

Wamimine tangini jioni taa zikishazimwa, polepole, karibu na mawe. Samaki wengine wamelala, kopepodi wanapata usiku mzima wa kujificha na kuzaa humo humo. Kona moja ya tangi weka lundo la vipande vidogo vya matumbawe yaliyokufa, mdomo wa samaki usipite katikati yake. Hapo ndipo patakuwa na akiba.

Kuwatambua nimwachie mwenye hadubini.

Mwani_na_Pwaju (Unguja)

Assalaam alaykum. Nasoma sayansi ya bahari, naomba nijibu hilo.

Weka maji kidogo kwenye kisahani kidogo cha kioo, chini utandaze karatasi nyeusi, umulike kwa ubavuni, utazame kwa lenzi ya kukuza mara 10 tu. Kopepodi mkubwa ana jicho moja jekundu au jeusi katikati ya uso. Mwili umenona mbele na kuchongoka nyuma, kama tone. Hawa wa kutambaa wana vipapasio vifupi na jike hubeba kifuko kimoja cha mayai chini ya mkia; Tisbe ni wa kundi hili. Wenye kuogelea kama Apocyclops, jike ana vifuko viwili, kimoja kila upande, kama punda aliyebebeshwa matenga mawili. Ukiona kitu kinachoogelea moja kwa moja bila kuruka, na mbele kuna kama gurudumu la vinyweleo linalozunguka, huyo ni rotifa. Kopepodi anakwenda kwa kurukaruka.

Tofauti hii ina maana kwa mlo. Vichanga vya Tisbe hukaa zaidi chini na ukutani, kwa hiyo samaki mchanga anayeogelea katikati ya maji hakutani navyo sana, ndiyo maana wafugaji wa vichanga wanapenda Apocyclops. Kwa samaki wa kutembea chini kama wako, Tisbe ni sawa kabisa.

Tahadhari ya maji: sasa ni masika. Usichote karibu na mdomo wa mto wala siku mbili baada ya mvua kubwa. Chota maji yakiwa yamejaa, upime chumvi. Gramu 33 hadi 35 kwa lita ni nzuri, na wanavumilia pungufu ya hapo ikiwa unashusha taratibu. Na usije ukachukua mbegu kwenye mabwawa ya miambani ndani ya hifadhi za bahari, kuna sheria, na zaidi ya sheria unaweza kuleta haidroidi, vinyama vinavyojishikiza kwenye mawe, ambao watakula kopepodi wako wote.

Bi_Mtwapa

Hapo kwenye maji niongeze. Mimi maji ya kuoteshea mwani lazima niyaue vijidudu kwanza. Mililita 1 ya Jik isiyo na manukato kwa kila lita, usiku kucha, kisha hewa kali juani kutwa, kisha sodiamu thaiosalfeti kidogo, na napima kwa vile vipimo vya klorini vya mabwawa ya kuogelea. Kikionyesha rangi yoyote ya njano sitii mwani. Mwanafunzi wetu ahsante kwa punda, nimempenda.

Salme_Ruwi (Muscat)

Kwa walio huku Ghuba: kiangazi ndoo ya barazani inapika. Mimi naweka chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 25, na ninafuga Tigriopus californicus niliowaagiza kwenye chupa. Ni wakubwa na wekundu, samaki anawaona upesi. Asili yao mabwawa ya miambani ya pwani ya magharibi ya Marekani, wanavumilia chumvi kupanda na kushuka kuliko Tisbe, lakini joto la nyuzi 30 kwa mfululizo lilipunguza uzazi wao kwangu. Kaka wa Msasani kama huna kiyoyozi mchana kutwa, baki na wa kwenu.

Fundi_Pampu

Nimemwelewa Bi Mtwapa, nashukuru, nafuta ushauri wangu wa juu. Mwana_Msasani, nakuja Dar Alhamisi, nina chupa mbili za Tetraselmis safi, nakuletea bila malipo. Ziweke dirishani penye mwanga usio wa jua kali, uzitikise asubuhi na jioni.

Mwana_Msasani (wiki saba baadaye)

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi.

Chupa za Fundi zilifika, moja sasa imekuwa nne. Kitambaa nilipata Kariakoo kwa mchapishaji wa fulana za harusi. Alinikatia 43T na 77T, ya 120T hakuwa nayo, nikaikosa hadi wiki iliyofuata. Dodoki nililitikisa siku ya kumi na moja kwenye bakuli la mke wangu la rangi ya kahawia iliyokolea. Mwanzo niliona uchafu tu. Nikasubiri utulie. Kisha kidoa kimoja kikaruka, kikasimama, kikaruka tena, na macho yalipozoea nikahesabu hadi arobaini nikaacha. Nikamwita mwanangu wa darasa la nne akashika lenzi, yeye ndiye aliyeona wa kwanza mwenye kifuko. Kimoja, chini ya mkia.

Ndoo ya kwanza ina siku 38 leo, haijawahi kufika hapo. X naiona kila siku ya pili au ya tatu. Siku ya 20 nilipata hofu, X ilikaa siku nne bila kuonekana. Nikavuta maji ya chini, nikanusa, hayakuwa na harufu mbaya, nikaacha kulisha tu na siku ya tano ikarudi. Umeme ulikatika usiku mmoja kuanzia saa tatu hadi alfajiri, nikakaa nakoroga kwa mkono kila nusu saa. Bi Mtwapa pengine utaniambia haikuwa lazima.

Artemia nilimpa wiki tatu za mwanzo. Siku ya kwanza alizitazama kama dakika mbili hivi, akainua kichwa, akadaka moja. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kioo, nikashindwa kusimama. Sasa namwagia kopepodi kila jioni ya nne. Kibonyeo cha nyuma ya kichwa bado kipo kidogo upande wa kushoto, wa kulia pamejaa. Tumbo ni duara. Jana asubuhi kabla taa haijawaka nilimulika lile lundo la matumbawe kwa tochi ya simu, na vidoa vilikuwa vinatembea juu ya kila kipande.

Bi_Mtwapa

Alhamdulillahi. Kukoroga haikuwa lazima kwa ndoo yenye maji ya shibiri moja, lakini umefanya vyema. Mpige picha kutoka juu kila Ijumaa, mahali pale pale, ulinganishe upande wa kushoto. Na ndoo ya tatu ianze wiki hii, kabla ya ya kwanza haijachoka.